Mkono Ulioshika Isale

Mwaka ule Primus alitangulia kurudi nyumbani, na hilo peke yake lilitosha kuwapa watu maneno. Wenzake wa Dar na Arusha hupanda mlimani wiki ya Krismasi, magari yamejaa mabegi na watoto wasiojua Kichagga. Yeye alionekana mwanzoni tu mwa Desemba, pikapu yake nyeupe imeegeshwa upande wa juu wa kanisa, kofia ya pama kichwani, akizunguka kihamba cha baba yake, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, mgomba kwa mgomba kama mtu aliyedondosha pete.

"Hajadondosha kitu yule," alisema Mektrida. "Anapima."

Mektrida alikuwa na kilabu cha mbege chini kidogo ya shule ya msingi, na habari za kijiji zilipumzika kwake kwanza kabla ya kuendelea na safari. Aliyekuwa akiambiwa ni Mwalimu Yuditha, rafiki yake tangu usichana. Yuditha alikuwa Mlutheri asiyeonja pombe, lakini kila jioni alikaa pale na chupa ya soda, kwa ajili ya maneno tu, na hakuona haya kusema hivyo.

Maneno ya jioni ile hayakuwa matamu. Primus alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Thadeus, na fungu lake alishapewa zamani, shamba la kule tambarare, kama mila inavyotaka. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, akaliuza shamba, akaingia kwenye biashara hiyo. Ikamwinua, halafu ikamwangusha. Sasa alikuwa anakitaka kihamba chenyewe, kilichopakana na barabara wanayopita Wazungu wa kupanda mlima, ajenge nyumba ya wageni. Tatizo ni kwamba kihamba na nyumba ya wazazi ni vya mtoto wa kiume wa mwisho, na kitindamimba wa Mzee Thadeus alikuwa Jovin. Wazee wa ukoo walimjibu Primus hivyo hivyo, pale pale kilabuni: Jovin akiwapo hakuna cha kujadili.

"Akanywa kata yake mpaka mwisho," Mektrida alisema, "akafuta midomo, akauliza taratibu tu, kama mtu anayeulizia chumvi: na kama Jovin hayupo?"

Yuditha alitaka kucheka, soda ikapita njia isiyo yake. Jovin alikuwa mwanafunzi wake.

Darasa la Yuditha lilikuwa la mwisho kwenye jengo, chumba kilichokuwa stoo ya majembe mpaka shule ilipoambiwa iwe na darasa maalumu. Walimu wenzake walikiita kitengo. Watoto wa madarasa mengine walikiita majina ambayo Yuditha aliyafukuza kwa ufagio. Wanafunzi wake walikuwa wale ambao akili zao zilikwenda polepole, na baadhi yao aliwatoa mwenyewe kwenye vyumba vya nyuma, kwenye nyumba ambazo wageni huambiwa kwamba hapa hakuna mtoto mwingine. Aliwafundisha kufunga kifungo, kushika kijiko, kwenda chooni na kurudi, kusema shikamoo kwa mkubwa. Jambo ambalo mtoto mwingine hulipata kwa kuangalia tu, yeye alilikatakata vipande vidogo, akalisha kipande kimoja kimoja, na kipande kikikaa alikwenda kuwatangazia kilabuni kama vile mtoto amefaulu kidato cha sita.

Jovin alikuwa mvulana mkubwa, mzuri wa sura, mwenye maneno machache na nyimbo nyingi zisizo na maneno. Kasoro yake moja ilimnyima mwalimu usingizi: alimfuata kila mtu. Ukimnyooshea mkono, anaushika. Aliwahi kufuata msiba wa watu asiowajua mpaka parokia ya pili. Aliwahi kumfuata muuza kuku mpaka sokoni, akarudishwa akiwa na manyoya kichwani. Kijiji kilicheka. Mama yake, Salvina, ambaye wote walimwita Mama Primus kwa jina la mtoto wa kwanza, hakucheka.

Ndipo Yuditha akachagua isale. Ni mmea usio na makuu, majani marefu ya kijani, umepandwa kwenye kila ua na kila mpaka wa kihamba mlimani kote. Lakini ukimkosea mtu, unamletea isale, na aliyeletewa isale hakatai. Anasamehe, hata kama moyo bado unauma. Yuditha aliona jani hilo lipo kila mahali na halinunuliwi. Tena aliona jambo la pili, lililomtuliza zaidi: hakuwahi kusikia, wala bibi yake hakuwahi kusikia, juu ya mtu aliyeshika isale mkononi akiwa na nia mbaya. Mchagga gani angethubutu?

Basi ikawa sheria. Anayekuja kumchukua Jovin awe na jani la isale mkononi. Asiye nalo, Jovin hainuki. Ilichukua mihula miwili. Mektrida aliletwa na ndizi mbivu amshawishi, mwalimu mkuu akaja na mpira, mpishi akaja na andazi la moto. Mwanzoni Jovin aliwafuata wote. Halafu siku moja akakaa kwenye benchi lake, akaweka mikono chini ya mapaja, akamtazama mpishi na andazi lake, akasema, "Bado."

Shule nzima ikalipenda neno lile. Walimu wakidaiana chaki walijibizana bado, na Yuditha akawa anatembea kama mwenye harusi.

Siku chache baada ya maneno ya kilabuni, Primus alikuja darasani. Alivua kofia mlangoni, akamwamkia mwalimu kwa heshima, akagawa biskuti kwa watoto wote, kila mmoja kwa zamu. Yuditha alimtazama akajisemea moyoni kwamba Mektrida naye huzidisha chumvi. Mtu huyu ni mpole, amenenepa kidogo, anamkumbuka mdogo wake.

"Njoo kwa kaka, Jovin," Primus alisema, akanyoosha mkono.

"Bado."

Primus akacheka, akauliza hiyo bado maana yake nini. Na Yuditha, ambaye hakuwahi kupata mgeni wa mjini darasani mwake, na ambaye kazi ile ya mihula miwili ilimkaa kifuani ikitafuta wa kuiona, hakungoja kuulizwa mara ya pili. Alitoka mpaka kwenye ua wa shule, akavunja jani, akampa Primus mkononi. "Mwite tena," akasema.

Jovin aliliona jani, akasimama kabla hajaitwa, akaja, akashika mkono wa kaka yake.

Primus hakucheka tena. Aliligeuza lile jani huku na huku, akamtazama mdogo wake aliyekuwa akiimba chinichini. "Kumbe ni hivyo tu," akasema. Akaaga vizuri. Yuditha alibaki mlangoni akiitazama pikapu ikiteremka.

Siku ya kufunga shule Yuditha aliitwa mjini kwenye mkutano wa walimu. Aliporudi mchana madarasa yalikuwa yamefagiliwa na benchi la Jovin lilikuwa tupu. Mwalimu Shedrack, aliyebaki na watoto, alimwambia kwa furaha kwamba kila kitu kimekwenda kama alivyoagiza, mtu alikuja na isale, mtoto akainuka mwenyewe bila tabu. Mtu yupi? Kaka mtu, alisema Shedrack. Tena alikuja na jani zuri, bichi.

Yuditha alikwenda mbio kwa Mzee Thadeus, viatu mkononi. Mama Primus alikuwa akichambua maharage kibarazani. Hakuwa ametuma mtu. Ungo ukamponyoka, na yule mama akaanza kuyaokota maharage yaliyomwagika, moja moja, kama vile hiyo ndiyo kazi iliyokuwa muhimu kuliko zote.

Pikapu ilirudi jua likielekea kuzama, na Primus alikuwa peke yake. Alishuka akilia. Alieleza kwamba alimpeleka mdogo wake Himo kumnunulia viatu vya Krismasi, na kwenye msongamano wa soko akamwachia mkono kidogo tu, kulipa, kugeuka mtoto hayupo. Ametafuta mpaka sauti imekauka. Watu walijaa uani, wanawake wakaanza kumpa pole. Mnajua mtoto mwenyewe, walisema, atakuwa amemfuata mtu.

Yuditha peke yake hakumpa pole. Jovin hafuati mtu tena. Akiachwa bila isale, anakaa. Kwa hiyo hakupotea. Yuko pale alipowekwa. Alipojaribu kuyasema hayo, Mzee Thadeus, ambaye kifua kilikuwa kikimsumbua tangu masika, alimwomba anyamaze, mwanawe analia.

Alfajiri Yuditha na Mektrida walipata nafasi kwenye lori la ndizi lililokuwa linashuka Himo. Yuditha alikuwa na jani la isale ndani ya kanga.

Sokoni hawakupata kitu. Wauza viatu hawakumkumbuka mtoto wala mtu mwenye kofia ya pama. Walizunguka mpaka nje kabisa, kule yanakolala malori yanayovuka kwenda Kenya, na hapo mama mmoja muuza chai, Winfrida kwa jina, akawauliza kama wanamtafuta yule mtoto wa bado.

Alikuwa amekaa kwenye rundo la matairi mabovu, mikono chini ya mapaja, kanga ya Winfrida mabegani. Suruali yake ilikuwa imelowa ikakaukia mwilini. Yuditha alitoa jani. Jovin akasimama papo hapo, akamshika mkono, akaanza kuimba.

Winfrida aliwasimulia huku akimimina chai. Mchana wa jana mtu mwenye kofia, mwenye pikapu nyeupe, alimleta mtoto kwa mkono mpaka kwenye lori lililokuwa limewasha injini, akanong'ona na utingo, akampenyezea kitu. Akamkalisha mtoto kwenye matairi, akasema mpakieni. Kisha akalitupa jani alilokuwa nalo, akaondoka bila kugeuka nyuma. Utingo alipomshika mtoto, mtoto akasema bado. Walipomvuta alipiga yowe ambalo Winfrida hajawahi kulisikia kwa binadamu, watu wakaanza kusogea, dereva akaogopa, akaondoka na lori lake. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwinua, hata kwa chakula.

"Lori lilikuwa linakwenda wapi?" Mektrida aliuliza.

"Mbali," alisema Winfrida. "Yule hata hakuuliza. Alisema mbali tu."

Mambo aliyoyajua Mektrida asubuhi, mlima uliyajua kabla ya jua kuzama. Lakini kujua ni kitu kimoja, kuthibitisha ni kingine. Primus alisikiliza kila neno kwa upole, akasema muuza chai amechanganya watu, Himo kofia za pama ziko nyingi. Kosa lake ni kuachia mkono, na kwa kosa hilo yuko tayari kuomba msamaha mbele ya ukoo mzima. Mektrida alitaka waende kituo cha polisi. Mzee Thadeus akakataa. Mambo ya ukoo hayapelekwi kituoni wiki ya Krismasi, watu wote wakiwa nyumbani. Wazee wakapanga siku, baada tu ya sikukuu. Primus ataleta mbuzi, mbege na isale, ampe mdogo wake mwenyewe, yaishe.

Mama Primus ndiye aliyemletea Yuditha kipande kilichobaki. Alikuja darasani ingawa shule ilikuwa imefungwa, akakaa kwenye benchi la mwanawe. Primus amemwahidi baba yake kwamba wakishapatana atamchukua Jovin kwenda naye Dar, ana daktari anayemjua, atamtibia. Mzee amekubali. Amefurahi mpaka amekula.

"Akiinuka kwa lile jani, Mwalimu, amekwenda," alisema. "Na mimi ndiye nitakayemfungia nguo."

Yuditha alijua kwamba atainuka. Nani kamfundisha?

Kila asubuhi ya wiki ile alimchukua Jovin, akamfungulia darasa tupu, akajaribu kukifumua alichokifuma. Alishika isale, na Jovin alipoinuka akamrudisha chini, akatikisa kichwa, akamwekea mikono chini ya mapaja. Akashika tena. Akainuka tena. Alijaribu kulificha jani, kulichana, kulishika huku akikunja uso. Jovin alidhani ni mchezo, akacheka, akainuka haraka zaidi. Mama Primus alijaribu, Mektrida akajaribu, na Jovin aliwafuata wote wawili kwa furaha mpaka mlangoni. Siku ya Krismasi yenyewe Yuditha aliondoka kanisani kabla ya baraka ili ajaribu tena. Jani kwa jani, ua wa shule ulianza kuonyesha pengo. Mihula miwili haifumuliwi kwa wiki, hilo alilijua kama mwalimu yeyote anavyolijua. Usiku wa kuamkia siku yenyewe aliacha kuomba Jovin asahau. Aliomba mvua.

Haikunyesha. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, na uani kwa Mzee Thadeus ukoo ulikuwa umejaa mpaka kwenye migomba. Kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kilikuwa jikoni, kata za mbege zilizunguka, watoto wa Dar walikimbizana na kuku. Wazee walikaa kwenye viti vya kukunja, Mzee Sirili, mkubwa wa ukoo, akiwa katikati. Jovin alikalishwa kwenye kigoda mbele ya mlango, shati jeupe limefungwa vifungo vyote, amevifunga mwenyewe. Begi lake dogo lilikuwa nyuma ya mlango. Yuditha, ambaye hakuwa wa ukoo, alisimama na wanawake karibu na zizi.

Primus aliingia kwa njia ya chini, kama desturi. Kamba ya mbuzi mkono wa kushoto. Mkono wa kulia shina changa la isale, majani yake ya juu yamefungwa fundo. Watu wakampisha. Alipita mbele ya baba yake, akainama, akaja mpaka kwenye kigoda, akalinyoosha lile isale.

"Mdogo wangu," alisema, "nimekuja."

Jovin alilitazama jani. Yuditha aliona mabega yake yakianza kuinuka, kama wiki nzima yalivyoinuka, akafumba macho. Alipoyafumbua, Jovin alikuwa halitazami jani. Alikuwa anautazama mkono. Aliuangalia kwa makini, kidole kwa kidole, pete, saa, pindo la mkono wa koti, kama anavyoangalia kifungo kigumu. Kisha mabega yakashuka, akaweka mikono chini ya mapaja.

"Bado."

Mtoto mmoja wa Dar alicheka, mama yake akamziba mdomo. Mzee Sirili aliweka kata yake chini. Pale uani hakukuwa na mtu aliyewahi kuona isale likikataliwa, na hakuna aliyejua kinachofuata. Mila haikuwa na mlango wa upande huo. Mzee akamwambia Primus arudie, pengine mtoto hakuelewa. Primus akarudia, akalisogeza lile fundo la majani mpaka karibu ya goti la mdogo wake. Jovin akajisogeza nyuma na kigoda chake, akaanza kutoa sauti, ndogo kwanza, halafu inapanda. Mektrida aliitambua bila kuwahi kuisikia. Ndiyo ile ya Himo, alimnong'oneza Yuditha, ndiyo ile aliyotusimulia Winfrida.

Hapo Yuditha akaelewa kwamba wiki nzima alikuwa anafumua uzi usio wake. Yeye alifundisha jani. Kwenye matairi yale, peke yake, Jovin alikuwa amejifundisha mkono.

Mzee Thadeus naye alielewa. Ilionekana usoni, polepole, kama mtu anayesomewa jambo kwa lugha aliyoisahau. Aliinuka kwa shida, akaja, akasimama nyuma ya kigoda, akaweka viganja vyake juu ya mabega ya kitindamimba wake mpaka ile sauti ikatulia. Akamwambia Primus arudi na mbuzi wake.

Mtu mwingine angepiga kelele, au angelia kama alivyolia siku ile. Primus alimwachia mbuzi kamba. Alitazama watu wote, mmoja mmoja, na alipofika kwa Yuditha akatabasamu vizuri tu, kama darasani.

"Amesema bado," alisema. "Basi litasubiri."

Akachutama, akalichomeka lile shina la isale ardhini, katikati ya ua, baina ya mlango wa nyumba na kahawa, mahali ambapo mtu angepitisha mpaka kama angetaka kukata kihamba vipande viwili. Akalikanyagia udongo kwa kiatu mpaka likasimama lenyewe. Kisha akaondoka kwa njia ya juu, na pikapu ikasikika ikishuka taratibu.

Hakuna aliyeligusa. Isale likishachomekwa kwenye udongo ni mpaka, na anayeng'oa isale la mpaka anajitafutia balaa yeye na watoto wake. Mzee Sirili alilitazama, akatazama pembeni. Mbege ikarudi kuzunguka, lakini watu walipotoka walilipitia mbali, na wanawake walivuta watoto wao.

Januari shule ilifunguliwa. Sheria ya isale ilikufa bila kutangazwa. Siku hizi Yuditha anamfuata Jovin mwenyewe asubuhi na kumrudisha mwenyewe mchana, mkono kwa mkono, bila jani. Mzee Thadeus hatoki tena kitandani. Mektrida anasema pikapu imeonekana Himo, halafu anasema imeonekana njia panda, na Yuditha hajisemei tena moyoni kwamba huzidisha chumvi.

Kila wakiingia uani Jovin husimama mbele ya lile shina, akaliangalia mpaka aridhike, akasema neno lake, ndipo hukubali kupita. Masika yalipoanza, fundo la majani lilioza likadondoka. Yuditha aliliona, akashukuru Mungu, akadhani limekufa. Wiki ya Pasaka alipoinama kumfunga Jovin kamba ya kiatu aliona juu ya lile shina, penye jeraha la fundo, jani jipya, jembamba, la kijani kibichi kabisa, limejikunjua likielekea mlangoni.